Ukoko wa Msiba

Mwajabu alimwekea wifi yake punje siku ile ile waliyomzika mama. Wapo waliosema baadaye kwamba mtu mwenye uchungu wa kweli hakumbuki kazi siku kama hiyo, lakini waliosema hivyo hawakumjua Mwajabu. Uchungu alikuwa nao, tena wa kumkata maini. Ila Taasisi ya utafiti aliyoifanyia kazi ilikuwa imemtuma kutafuta mahali watu wazima wanapojifunza pasipo darasa wala mwalimu, naye alikwishazunguka magereji, saluni na masoko ya mkoa mzima akirudi na michoro mikavu isiyomfurahisha mtu. Ndipo akiwa nyuma ya nyumba yao pale Muheza, kanga ya msiba kichwani, akamwona Chiku, mke wa kaka yake, akikabidhiwa kwa mara ya kwanza sufuria kubwa la wali. Punje zilikuwa mkobani. Akachukua moja.

Chiku hakuuliza maswali mengi. Alikuwa ameinamia mafiga, macho mekundu kwa moshi na kwa kilio, akasogeza ushungi ili wifi yake apate nafasi nyuma ya sikio.

"Kama inakusaidia wewe, weka," alisema. "Usinichome tu."

Haikuchoma. Punje ilikuwa ndogo kuliko chembe ya mchele, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mtu akikutana na jambo likamwingia na kukaa asilisahau tena, ubongo wake huwaka kwa kitambo kifupi, na mwako huo ndio Mwajabu aliokuwa akiuwinda. Darasani ulikuwa adimu. Watoto walikaa kwenye madawati asubuhi hadi jioni na punje zao zikalala usingizi pamoja nao. Taasisi iliamini kwamba mwako mkubwa upo mitaani, kwenye shughuli za watu, mahali ambapo hakuna anayejua kwamba anafundishwa. Waliamini vizuri. Laiti wangekuwa wamekosea.

Basi Chiku akaunguza wali. Maji yalipoanza kukauka hakuvuta kuni chini ya sufuria, aliendelea kupalia makaa juu ya mfuniko huku moto wa chini ukiwaka kama wa kuchoma matofali. Harufu ikafika barazani kwa wanaume. Ndipo akainuka Bi Kidawa, mtani wa ukoo wao, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Jamani, marehemu alijiwahi," alisema Bi Kidawa. "Aliona akichelewa atapikiwa na huyu."

Jiko zima likaangua kicheko, hata waliokuwa wakilia. Bi Kidawa hakuishia hapo. Akauigiza mwendo wa Chiku, akaigiza marehemu akisukuma sahani, akauliza kama kule kwao Handeni huwa wanakula mkaa. Chiku alitamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yalimtoka akajifuta kwa kiganja chenye masizi, uso ukawa mweusi nusu, na kicheko kikapanda upya. Kwenye kioo kidogo cha kusomea punje, alichokificha Mwajabu ndani ya kanga, mstari wa mwako ukapanda mpaka ukagonga ukingo wa juu. Hakuwahi kuona kitu kama kile tangu aanze kazi.

Jiko lile lilikuwa na desturi yake. Mtani akishakucheka mbele za watu, ukoko ulioungua anaula yeye, wa kwanza, mbele ya watu wale wale. Bi Kidawa akakwangua chini ya sufuria, akajaza mdomo, akatafuna kwa sauti mpaka meno yakawa meusi. Kisha akamshika Chiku mkono na mwiko ukiwa ndani yake, wakavuta kuni pamoja, akamwonyesha maji yanavyotakiwa kuonekana kabla ya kupalia. Chiku akacheka na kamasi puani. Tangu siku hiyo hakuunguza tena.

Mwajabu hakuona hayo ya mwisho. Alikuwa anatazama kioo, na kwenye kioo mstari ulikuwa umeshaanza kushuka.

*

Huko Tanga, bahari ilikuwa imeshameza mitaa ya chini, na ile iliyobaki iliishi kwa hisani ya ukuta na pampu. Pampu zilikuwa nyingi, mafundi wake wachache, na masika hayajui kusubiri. Profesa Ngoda, mkuu wa Taasisi, alikuwa ameahidi wakubwa wake kwamba atawapa mafundi bila kupitia chuo. Alipouona mwako wa Chiku ukionyeshwa ukutani, aliomba uchezwe tena.

Kwani punje za kizazi kipya hazikusikiliza tu. Ziliweza kupanda. Ukichukua mwako wa mtu mmoja ukausafisha, unapata walichoita mbegu. Unaipeleka mbegu ile ndani ya punje ya mwanagenzi wakati amefungua pampu mbele yake, na ubongo wake unawaka kama ulivyowaka wa mwenye mbegu. Chochote alichoshika mkononi kwa dakika ile kinamwingia na kukaa. Kilichomchukua fundi wa zamani mwaka mzima na makofi, mwanagenzi wa mbegu alikipata kabla chai haijapoa.

Kazi ya kusafisha aliifanya Mwajabu mwenyewe. Aliutazama mstari wa Chiku ukipanda, ukikaa juu, kisha ukishuka taratibu pale Bi Kidawa alipoanza kutafuna ukoko. Ile sehemu ya kushuka ilikuwa na mawimbi madogo madogo yasiyo na jina. Katika lugha ya maabara, kelele. Akaikata. Profesa alimpongeza kwa mkato safi, na Mwajabu, binti wa mama muuza vitumbua, alienda nyumbani amevimba kichwa.

Mbegu ikafanya kazi. Watu waliokuwa wachuuzi na wapaka rangi wakageuka mafundi wa pampu, mikono yao haikosei. Kulikuwa na kasoro ndogo ndogo ambazo hakuna aliyetaka kuzitolea macho. Wanagenzi hawakupenda moshi. Ukiwasha jiko la mkaa karibu nao walisogea bila kujua kwa nini. Mtu akicheka koridoni walinyamaza wote. Na mzee mmoja, Kibwana, mtu mwenye wajukuu, alianza kula chakula chake amegeukia ukuta. Mwajabu alimuuliza kulikoni. Mzee akajibu kwa adabu kwamba hakuna neno, ila anajihisi amefanya jambo la aibu sana na hakumbuki ni lipi.

Mwajabu aliliandika jibu lile kwenye ripoti, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Ninyi mnaomhurumia mwanamke huyu, subirini kidogo.

*

Mwaka ulipokaribia kwisha, mbegu ikachuja. Ubongo si mjinga. Ukiuchapa kwa fimbo moja kila siku unazoea. Wanagenzi wapya walikaa mbele ya pampu na hakuna kilichowaka. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Walijaribu kila namna. Waliajiri waigizaji wamtukane mtu mgeni, mwako ukatoka kiduchu. Wakamleta Chiku maabara, wakamleta na Bi Kidawa, wakawapa sufuria. Bi Kidawa akamwaga utani wake wote, hata ule wa wanaume. Chiku akacheka mpaka akakaa chini, na kwenye kioo mstari ukalala.

Profesa Ngoda alimwita Mwajabu ofisini. Alikuwa mtu mpole, wa kumkaribisha mgeni chai kwa mikono yake, na siku ile pia alimimina chai. Alisema mwanamke yule hashtuki tena kwa kuwa anajua mwisho wake: atachekwa, kisha aliyemcheka atakula naye, na mambo yataisha. Kinachotakiwa ni kicheko kisichokuwa na mwisho. Kitoke kwa mtu ambaye Chiku hamtarajii.

"Katika dunia hii," aliuliza, "nani akimwaibisha, yeye ataamini kwamba si utani?"

Mwajabu alilijua jibu kabla swali halijaisha. Chiku hakuwa na dada. Aliolewa mbali na kwao, hakusoma zaidi ya kuandika jina, na kwa miaka yote ile mtu aliyekaa naye jikoni kila likizo, akamfundisha kusoma maandishi ya dawa za mama, alikuwa wifi yake. Kwa Mwajabu alitua kila mzigo. Alitua kwake hata ule ambao Mbaruku, mumewe Chiku, hakuujua.

Mchana wa kifo cha mama, baada ya siku nyingi za kumgeuza mama kitandani, kumsafisha na kumlisha, Chiku alijinyoosha mkekani akapitiwa na usingizi. Alipoamka, mama alikuwa amekufa, mkono umening'inia upande wa glasi ya maji asiyoifikia. Chiku alimwambia Mwajabu peke yake, amepiga magoti. Mwajabu alimwinua, akamkumbatia, akamwambia kwamba hata yeye angelala, na kwamba neno hilo litakwenda naye kaburini.

Alimweleza Profesa kuwa haiwezekani. Profesa hakubishana. Alifungua dirisha, akamwonyesha mitaa iliyokuwa chini ya ukuta: mabati, nguo kwenye kamba, watu wakiuza na kununua huku bahari imesimama juu ya vichwa vyao upande wa pili wa zege. Akasema hao ni maelfu, na yule ni mmoja, tena hatakufa.

"Aibu haijawahi kumuua mtu, Daktari," alisema, akamwongezea chai.

Mwajabu aliinywa. Hilo ndilo linaloniudhi mimi kuliko yote, kwamba aliinywa mpaka ikaisha.

*

Hitima ya mwaka ilisomwa nyumbani kwa Mbaruku. Nyuma ya nyumba mafiga yale yale, wanawake wale wale, na Chiku sasa ndiye aliyekuwa akiwaelekeza wengine lini wavute kuni. Alipomwona wifi yake anashuka garini alimkimbilia, akampokea mkoba. Mwajabu alisema kuna punje ya kuweka tena, ya kukamilisha kazi ya mwaka jana.

"Si ile ile? Weka basi," alisema Chiku, akasogeza ushungi mwenyewe.

Profesa alibaki ndani ya gari, njiani, amefunga vioo. Sauti yake ilimfikia Mwajabu kupitia kidude alichokipachika sikioni.

Wali ulipoiva Chiku alifunua sufuria. Ulikuwa mweupe, punje mojamoja, haujashikana. Wanawake wakampigia vigelegele. Bi Kidawa akalalamika kwamba amekosa la kusema. Chiku akamgeukia Mwajabu, uso umemeremeta kwa jasho na furaha, akasema laiti mama angekuwepo aonje.

Mwajabu alisimama. Alipiga moyo konde, akaongea kwa sauti ambayo hata wanaume barazani waliisikia.

"Mama angeonja nini? Siku aliyokufa alikuomba maji tu, Chiku. Maji. Wewe ulikuwa umelala unakoroma, naye akafa ananyoosha mkono. Unawapikia watu wali wa mtu uliyemuua kwa kiu."

Kisha Bi Kidawa, masikini, akacheka. Alidhani ni utani, kwa sababu katika jiko lile neno zito namna hiyo lisingeweza kuwa kitu kingine. Akacheka peke yake, kicheko cha kuomba wengine wamfuate, akachota ukoko chini ya sufuria kwa mwiko, akamnyooshea Mwajabu.

"Umepita kiasi, Daktari," alisema. "Haya, kula."

Chiku naye aliutazama ule mwiko. Hakuwa analia. Alikuwa anasubiri. Mtu yeyote aliyekuwa pale angeweza kuona kwamba bado alikuwa na tumaini, na kwamba tumaini lenyewe lote lilikuwa juu ya kile kipande cha wali kilichokauka. Tonge moja tu, na angesamehe. Pengine angecheka.

"Usile," ilisema sauti sikioni. "Unapanda bado. Usile, usiseme kitu, uache upande."

Mwajabu alirudisha mikono nyuma.

Mwiko ulikaa hewani mpaka mkono wa Bi Kidawa ukachoka. Mbaruku alikuwa ameshafika mlangoni, amesimama na kofia mkononi, anamtazama mkewe kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. Chiku alimtazama mumewe, akamtazama wifi yake, na kitu fulani usoni pake kikajifunga. Alifunika sufuria vizuri, akaweka kitambaa juu ili wali usipoe, akaingia ndani. Punje ilikuwa bado nyuma ya sikio lake.

"Nimeupata," alisema Profesa, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Mzima mzima. Hauhitaji hata kukatwa."

*

Mbegu mpya ilikuwa na nguvu kuliko ya kwanza mara nyingi. Hata wale wa zamani walichanjwa nayo upya, mzee Kibwana miongoni mwao. Masika yakaja na hasira zake, bahari ikapanda mpaka ukingo wa zege, na pampu zikanguruma wiki baada ya wiki bila moja kuzimika. Hakuna mtoto aliyezama. Lisemwe hilo, maana ni kweli, na Mwajabu alijikumbusha kila asubuhi.

Chiku alikuwa amerudi kwao Handeni siku ya pili baada ya hitima. Mbaruku alimpelekea dada yake ujumbe mmoja, mfupi: asikanyage tena kwake. Mwajabu alisafiri hadi Handeni, akabisha hodi. Aliyefungua alikuwa Chiku mwenyewe. Alimkaribisha kwa heshima zote, akamwita Daktari, akampakulia chakula kizuri kisichoungua hata chembe. Mwajabu aliomba ukoko. Chiku alijibu kwamba pale hawana ukoko, akaenda kukaa chumba kingine mpaka mgeni alipoondoka.

Mvua zilipopungua, Taasisi ilifanya karamu ya mafundi ndani ya ukumbi wa pampu. Wanagenzi wote walikuwepo, wamekaa kwenye meza ndefu, wachuuzi wa jana wakiongea kuhusu vali na mabomba kama waliozaliwa nayo. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona Mwajabu. Yeye kazi yake ilikuwa maabara. Profesa alimsukuma mbele aseme maneno mawili.

"Habari zenu, ndugu zangu," alisema Mwajabu.

Vijiko vilisimama njiani. Mwanamke wa meza ya mbele, kijana, mwenye grisi kwenye kucha, alivuta ushungi wake akafunika sikio. Mmoja baada ya mwingine waliinamisha macho, na aliyekuwa karibu na Mwajabu alisogeza kiti nyuma. Mzee Kibwana aliinamia sahani yake kama mtu anayeificha. Hawakumjua ni nani. Walijua tu, kwa namna ambayo haisahauliki mpaka mtu anaingia kaburini, kwamba sauti ile ni ya mtu uliyempa siri yako na akakuuza.

Hapo ndipo Mwajabu alipokumbuka moshi. Wanagenzi wa kwanza hawakujifunza pampu tu, walijifunza na moshi wa Muheza. Na hawa, pamoja na pampu, walikuwa wamejifunza kile alichojifunza Chiku dakika ile. Alikuwa amefundisha ukumbi mzima somo moja, na somo lilikuwa yeye.

Profesa alinong'ona kwamba ni woga wa karamu, utapita. Mwajabu hakumsikiliza. Kwenye meza ya chakula kulikuwa na masufuria ya wali, na moja lilikuwa limeshika chini. Alilifuata. Alichukua upawa akakwangua mpaka kipande cheusi kikabanduka, akasimama mahali ambapo kila mtu angeweza kumwona, akakitia mdomoni. Kilikuwa kichungu, kigumu, kikamkata ufizi. Alitafuna kwa sauti. Alitafuna kama Bi Kidawa, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, akawatazama uso kwa uso, akisubiri mtu mmoja tu acheke.

Walimtazama bila kuelewa. Hiyo sehemu hakuna aliyeipata. Mara ya kwanza aliikata mwenyewe, na mara ya pili haikutokea.

Yule mwanamke mwenye grisi kwenye kucha ndiye aliyethubutu. Alisogea, lakini si karibu sana, akaongea ameangalia sakafu.

"Mama, chakula kizuri kipo," alisema. "Kwa nini unakula hicho?"

Mwajabu alikwangua kipande kingine. Nyuma yake, mmoja mmoja, mafundi walianza kugeuza viti vyao kuelekea ukutani.